Dau Lililorudi

Mtu mmoja alikuwa na mdogo wake mcheza gofu. Yeye mwenyewe hakuwa mchezaji. Jina lake Kaanaeli, na kazi yake ilikuwa kutoboa mashimo katika uwanja mmoja uliopakana na mashamba ya kahawa. Wasioujua mchezo huo hudhani shimo hukaa mahali pamoja siku zote. Sivyo. Kila alfajiri Kaanaeli alitoboa shimo jipya hatua kadhaa kutoka lile la jana, akachukua bonge la udongo na nyasi zake, akazibia la zamani, akalikanyaga na kulimwagilia maji. Kufika saa nne, hata mwenye macho ya mwewe asingejua kwamba pale palikuwa na shimo. Alikuwa fundi, tusimnyime haki yake.

Mdogo wake aliitwa Godlisten. Alianza kwa kubeba fimbo za matajiri, akajifunza kwa kuangalia, mpaka naye akawa mchezaji wa kulipwa. Mama yao alipofariki, Kaanaeli ndiye aliyemlea, kwa hiyo hapakuwa na jambo ambalo Godlisten alimficha kaka yake. Wiki moja kabla ya mashindano makubwa alikwenda nyumbani kwa kaka yake, akafunga mlango, akavua shati. Mgongo ulikuwa umevimba juu kidogo ya kiuno. Daktari alikuwa amemkataza kucheza. Lakini Godlisten alikuwa na miaka thelathini na tisa, na mchezaji wa umri ule asiyemaliza mashindano yale asingealikwa tena mwakani, na mkewe na watoto walikula kwa fimbo ile. Alimsihi kaka yake asimwambie mtu. Kaanaeli alimkanda kwa mafuta ya moto, akamwombea, akamsindikiza hadi njiani.

Sasa sikilizeni. Siku hizi watu hubeti kila kitu kwenye simu, na katika gofu wenye kampuni za kubeti wana mtindo wao. Hawakuulizi nani atachukua kombe. Wanakuwekea majina mawili, wanakuuliza: kati ya hawa, nani atamtangulia mwenzake? Hata wote wawili wakiwa mkiani, haidhuru, mradi mmoja awe nyuma ya mwingine. Jioni ya siku ileile Kaanaeli alifungua simu, akakuta jina la Godlisten limepambanishwa na la Mzambia mmoja aitwaye Mwape. Watu wengi walikuwa wamemwekea Godlisten, kwa sababu ni mtoto wa nyumbani na hawakujua habari ya mgongo. Kaanaeli alijua. Mikono yake ilikuwa bado inanuka mafuta aliyomkandia. Kwa mikono hiyohiyo akaweka mshahara wa miezi mitatu kwa Mwape.

Aliyenisimulia nilimkatiza hapa. Nilimwambia hapana, mtu hawezi. Akanijibu kwamba anaweza, na tena usiku huo alilala vizuri tu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu nduguye alimvulia mpaka shati, akamwonyesha pa kuuma. Na alikuwa na neno la kujitetea moyoni: simtakii mabaya ndugu yangu, namtakia tu mwenzake mema. Msilipite haraka neno hilo. Mimi limeninyima raha wiki nzima, maana nimekumbuka siku nilizolisema, na sidhani kama humu ndani niko peke yangu.

Basi, Godlisten na Mwape wakapangwa kucheza pamoja. Siku mbili za kwanza Godlisten alicheza kama kijana wa miaka ishirini. Kaanaeli alimpigia makofi mbele ya watu, kisha akarudi nyumbani akashindwa kula. Hebu fikirini, mdogo mtu anafanikiwa, na kaka mtu tonge haliteremki.

Siku ya tatu, kwenye shimo la tisa, Godlisten alizungusha fimbo na mgongo ukamkatalia katikati. Alipiga magoti, kisha akalala kifudifudi kwenye nyasi. Kaanaeli alikuwa amesimama hatua ishirini kutoka pale, ameegemea reki yake. Ndugu zangu, ninaona aibu kulisema linalofuata. Reki ilianguka, na mikono yake miwili ikapanda juu. Ilipanda yenyewe, kama ya mtu aliyeona timu yake imefunga bao. Na mtu akianguka humtafuta wa kwao, kwa hiyo Godlisten alikuwa amekwisha kugeuza uso kumtafuta kaka yake. Akaikuta ile mikono hewani. Akaitazama, akasema polepole:

"Kumbe, kaka, ulikuwa unaungoja mgongo wangu."

Kaanaeli hakusogea. Aliyesogea ni Mwape, yule mgeni. Alitupa fimbo yake, akamwinua Godlisten akisaidiana na wabeba fimbo, akaingia naye kwenye gari. Wasimamizi walimwonya kwamba mchezaji akitoka uwanjani ametoka kabisa, na siku hiyo alikuwa wa nne, kombe analiona kwa macho. Alitoka. Alikaa hospitali kando ya kitanda mpaka mke wa Godlisten alipofika.

Hivyo wote wawili waliondolewa kwenye shimo moja, na hakuna aliyemtangulia mwenzake. Kampuni ikalifuta pambano. Kabla jua halijazama simu ya Kaanaeli ikalia: dau lake limerudi lote, halikupungua hata shilingi. Kesho yake aliwahi kazini, akaliziba shimo la tisa, akalikanyaga, akalimwagilia. Saa nne palikuwa kama hapajawahi kutokea kitu.

Alikwenda hospitali mara tatu, na chupa ya mafuta mfukoni. Mara zote Godlisten alimsalimia kwa adabu, shikamoo kaka, akamuuliza habari za nyumbani. Na mara zote, kabla kaka yake hajakaa, alivuta shuka mpaka shingoni na kuuelekeza mgongo wake ukutani. Chupa ile ilirudi nyumbani imejaa.

Mtu huyu hakupoteza hata shilingi moja. Basi niambieni, ninyi watu wazima: kile ambacho hakikurudi, alikiweka lini?