Tai na Muda wa Kufika Chekeleni

Paukwa!
Pakawa!
Nyuma huko mbona kimya, mmeshashiba usingizi? Paukwa!
Pakawa!

Basi palikuwa na viwanja viwili vya ndege, Mkuyuni na Chekeleni, vyote porini, vyote majani tupu. Umbali wake Kunguru alishaupima: maili arobaini, habishi mtu. Lakini muda aliujua rubani peke yake, na rubani alikuwa Tai. Nauli ilikuwa kitoweo: Tai akiona njaa, abiria atoe samaki mmoja.

Siku hiyo akapanda Bi Siwatu, panya mtu mzima, na ng'onda kumi, samaki wakavu, kapuni. Binti yake kajifungua sita huko Chekeleni, na nyumbani hamna hata mfupa wa kulamba.

Pu! pu! pu! Wakaruka. Wakafika kilima chenye miti miwili. "Abiria, njaa." Akatoa. Kwap!

Pu! pu! pu! Kilima chenye miti miwili. "Abiria, njaa." Akatoa. Kwap!

Pu! pu! pu! Kilima kile kile, miti ile ile. Akatoa wa tatu, akatoa wa nne. Lahaula, huyu anamzungusha! Bi Siwatu akauliza kwa adabu samaki wakiisha inakuwaje.

"Kitoweo kikiisha," akasema Tai, "abiria ndiye kitoweo."

Bi Siwatu, tusifiche kweli, aliogopa. Aliwafikiria wale sita. Kisha akajikohoza.

"Sikulaumu, Bwana Tai. Mwaka jana alinileta Bundi. Toka kilima hiki alikula mmoja tu, tukatua. Lakini Bundi bado ana mbawa. Wewe umri umekwenda, usijichoshe, baba."

"Bundi? Mwenye macho kama vikombe?"

"Huyo huyo."

Tai akanyoosha shingo, vuuuuu, moja kwa moja. Bi Siwatu akamkaribisha samaki. Tai akamkemea asimcheleweshe. Akamkaribisha tena. Akakemewa tena. Mara pu, wako Chekeleni, na ng'onda sita wamo kapuni.

Tai hata hakumtazama abiria. Alimwita Kunguru aandike kwenye kibao, na wale wanne wa mwanzo hakuwataja: MKUYUNI MPAKA CHEKELENI, MAILI AROBAINI, MUDA: NJAA HAIJAUMA. Kisha akaenda kumsimanga Bundi. Bundi akafungua jicho moja, akasema yeye tangu azaliwe hajabeba hata kiroboto.

Tai akarudi mbio kufuta kibao. Akakuta abiria foleni, mikono mitupu, wote wameshasoma.

Ngano hii yatufunza tuseme kweli daima, hasa tukiwa juu. Bi Siwatu naye huwafunza hivyo hivyo wajukuu zake sita, na wamenona kweli kweli.

Ngano yangu imetua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nifungieni nirudi nayo kwangu.