Mkono wa Mhina

Mfuko huhama leo, mkono huhama mwakani.

Juzi mlipokwenda kumtazama dada yenu kwa wakwe zake, mlimsikia mama mkwe akiwaambia hivyo mawifi waliokuwa wakimcheka bibi arusi kwa kuunga samaki kama anavyounga mama yake. Mmerudi mnaniuliza chanzo chake, na mmoja wenu ameshajifanya mwalimu, anawaambia wenzake eti ni habari ya fedha na ubahili. Si fedha. Mfuko unaosemwa ni wa suruali, na mkono ni wa mtu niliyemjua. Methali hii ilizaliwa kitaluni kwetu, Muheza, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, na wa kulaumiwa ni mimi. Basi nisikilizeni, na asinikatize mtu.

Mnajua nilikuwa mbebeshaji wa michungwa. Mbebeshaji huchukua jicho la mchungwa mtamu, yaani kichipukizi chake, akalipachika kwenye mche wa mlimau, ili mti usimame kwa mizizi ya huyu na uzae matunda ya yule. Kazi yenyewe ni kuchana ganda la mche, kuliinua kidogo, kutia jicho ndani, kisha kufunga kwa utepe wa nailoni. Haichukui dakika mbili. Lakini kisu kikiwa butu, jicho huchubuka, na jicho lililochubuka halishiki.

Tulikuwa watu kumi na wanane, na kila mmoja alikuwa na kisu chake kidogo cha kukunja. Mtu angekupa shati la mwilini kabla hajakuazima kisu hicho. Mikono yetu ya kushoto haikuwa na malaika, kwa kuwa kila mmoja alijaribia makali yake pale, asubuhi na mchana. Saa ya chakula wengine huzungumza mpira. Sisi tulizungumza visu: chuma cha nani kinashika makali, mpini wa nani hautelezi kwenye jasho, cha nani kinalia vizuri kikifungwa. Watu wazima, wenye wake na watoto, tunategea sikio mlio wa kisu!

Chapa zilikuwa mbili, Mwewe na Taa, na kitalu kiligawanyika kati yake. Mwewe kilikuwa na mpini wa pembe. Hakikuwa na loki; ukikikunja, kilisimama katikati kwa nguvu ya springi, ukapata nafasi ya kuondoa vidole, ndipo ukamalizia. Taa kilikuwa na mpini wa mti mweusi na loki ya chuma. Ukishaibonyeza ile loki, kisu kinajifunga moja kwa moja hadi mwisho, bila kituo. Wenye Mwewe walituambia kisu chetu hakina adabu. Sisi tulisema chao kimezeeka, kinapumzika njiani.

Kiongozi wa Mwewe alikuwa Mhina. Wa Taa nilikuwa mimi, Kiondo. Mhina na mimi tuliingia jando siku moja, na tangu hapo hatukuachana. Tuligombana juu ya visu kila siku ya Mungu, na jioni tukarudi nyumbani njia moja. Kwa kubebesha, hapakuwa na wa kumfikia. Alikuwa na Mwewe kwa miaka ishirini, na alikifunga bila kukitazama: anakisukuma kwenye paja, kinasimama, vidole vinaondoka, kinamalizika, na macho yake tayari yako kwenye mche unaofuata.

Kisha Mwewe kikaharibika. Sijui kiwandani kwao kulitokea nini, lakini shehena mpya ilipofika madukani, chuma chake kilikuwa laini. Ukinoa asubuhi, adhuhuri makali yamelala. Kile cha zamani cha Mhina kilikuwa kimelika kwa kunolewa hadi kimebaki kama sindano, ikabidi anunue kipya. Akanunua, kikamwangusha. Akanunua cha pili. Tulipomcheka akasema jiwe la kunolea ndilo baya. Alipofika cha tatu, katika miche mia aliyobebesha ilishika sitini tu, yeye ambaye hakuwahi kupoteza zaidi ya mitano. Kwa wiki nzima hakula pamoja nasi.

Jumatatu iliyofuata alinifuata nilipokuwa nakata tepe. Mfukoni mwake niliona mpini mweusi.

"Kiondo," akasema, "nimehama."

Nilipaswa kumshika mkono na kunyamaza. Badala yake nilipiga ukelele, nikawaita wote. Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo sijivunii. Katika kitalu chetu kulikuwa na desturi, na mwanzilishi wake ni mimi. Mwenye Mwewe akihamia Taa, alikichomeka kisu chake cha zamani kwenye nguzo ya banda kioze kwa kutu, na siku hiyo hiyo akabebesha miche mia kwa kisu kipya, mbele ya macho ya watu. Tuliiita kuvua, kama mtu avuavyo nguo kuukuu. Niliizua makusudi, ili wenye Mwewe waone haya.

Mhina aliitazama nguzo, akanitazama mimi.

"Kuvua nitavua," akasema. "Lakini hiyo mia niachie kwanza. Nipe muda nikizoee nyumbani, nimenye mihogo, nikate kamba. Mkono wangu haujakijua."

"Mkono haujakijua? Mkono wa Mhina?"

"Ndugu yangu, miaka ishirini si mchezo."

"Nyie mnamsikia?" nikawageukia wenzangu. "Amehama, lakini anataka kulala mlangoni. Huyo amehama au anachungulia?"

Watu wakacheka. Mhina hakucheka. Alisogea karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Kiondo, usinifanyie hivi mbele za watu."

Nilisikia vizuri. Masikio yangu yalikuwa mazima. Lakini miaka yote ile alikuwa amenishinda kazini, na siku ile, kwa mara ya kwanza, alikuwa chini yangu. Utamu wa jambo hilo ulinipumbaza. Nikajibu kwa sauti ya juu, "Aliyehama ahame mwili mzima!"

Akatoa Mwewe chake, akakichomeka kwenye nguzo. Akachukua kapu la macho, akainama kwenye tuta.

Miche ya mwanzo aliiendea polepole, anakifunga kisu kwa mikono miwili kama mwanafunzi, na sisi tunamzomea. Baadaye mwendo ukamrudia, akawa Mhina yule tunayemjua, tukaanza kumhesabia kwa sauti. Themanini. Themanini na moja. Nadhani alipouona mwisho wa tuta ndipo alipojisahau. Alifunga utepe wa mche wa themanini na sita, akabonyeza loki, akakisukuma kisu kwenye paja lake bila kukitazama, macho yakiwa yameshafika kwenye wa themanini na saba. Vidole vyake vilingoja pale katikati, mahali ambapo kwa miaka ishirini kisu kilisimama.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hakikusimama."

Tukaona damu kwenye majani ya miche. Nilivua shati nikamfunga mkono, nikambeba hadi barabarani. Njia nzima nilikuwa nalia na kumwomba radhi, na yeye alikuwa anatazama mbele. Hospitalini walimshona. Daktari akatuambia kano za vidole viwili zimekatika, cha shahada na cha kati, mkono wa kulia. Vidonda vilipona, lakini vidole havikukunjika tena. Mhina hakushika kisu cha kubebeshea tangu siku hiyo.

Nilikaa siku arobaini bila kwenda kwake. Nilisema nina kazi, nilisema nina homa. Ukweli nilikuwa naogopa. Nilipokwenda hatimaye, mkewe, Bi Hiyari, alinifungulia mlango bila kunijibu salamu, akanionyesha kwa kidevu alipokaa mumewe.

Nilipiga magoti. Nikamwambia, "Mhina, nimekuharibia mkono. Nilisikia uliponiomba, nikajifanya sikusikia. Nisamehe."

Akauweka ule mkono juu ya paja. Bi Hiyari alikuwa amesimama mlangoni.

"Unajua kosa lako?" Mhina akaniuliza.

"Najua."

"Hujui. Unadhani kosa ni kunicheka. Tumechekana tangu utoto, kucheka hakuniumizi. Mfuko huhama leo, mkono huhama mwakani. Mimi nilikuletea mfuko, nikakuomba muda wa mkono. Ukataka vyote siku moja."

Nilibaki pale pale magotini.

"Na huo msamaha unaoutaka," akaendelea, "mdomo wangu umeshautoa, mke wangu shahidi. Moyo wangu haujafika. Usiuvute. Ushawahi kunivuta mara moja."

Bi Hiyari akatoa kitambaa akajifuta macho. Mimi nikainuka, nikaondoka.

Kesho yake nilisimama kitaluni nikawaeleza wenzangu maneno hayo yote, hata yale ya kunidhalilisha. Tukaifuta desturi ya kuvua na mia yake. Kuanzia siku hiyo, aliyebadili chapa alitembea na visu viwili, cha zamani na kipya, hadi mwenyewe aseme mkono wake umehama, na hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza lini. Ndivyo maneno ya Mhina yalivyotoka kitaluni, wake zetu wakayachukua, wakayapeleka jikoni na arusini, mpaka nyinyi mkayakuta kwa mama mkwe.

Mimi nilikuwa nakwenda kwake kila Ijumaa baada ya sala. Alinikaribisha, akanipa chai, tukazungumza mvua na bei ya machungwa. Lakini aliniita "bwana", kama unavyomwita mtu uliyekutana naye sokoni. Karibu sana bwana. Kwaheri bwana. Mtu niliyeingia naye jando! Iliniuma kuliko kama angenitukana. Kuna Ijumaa nilitaka kumshika mabega nimwambie basi, imetosha, nimekwisha kukoma. Nikakumbuka alivyoniambia, nikanywa chai yangu.

Mwaka ukaisha. Ukaingia mwingine, miche aliyobebesha siku ile ikawa tayari kupelekwa mashambani. Asubuhi moja, si Ijumaa, nilikuwa nyuma ya nyumba napalilia mihogo, nikasikia mtu anakuja. Nilipoinua kichwa nikamwona Mhina. Hakuwa amekanyaga kwangu tangu siku ya damu. Alinijia kati ya matuta, akanyoosha mkono wa kulia, mimi nikalitupa jembe nikaushika, na vile vidole viwili vikabaki vimenyooka kwenye kiganja changu.

"Kiondo," akasema, "nimefika."

Sikumuuliza ametoka wapi. Mfuko huhama leo, mkono huhama mwakani.