Mwizi wa Petroli ya Bwana Shekigenda

"Lita kumi tangu jana, Mwanahawa! Umezinywa?"

"Mimi nakunywa chai tu, bosi, tena ya rangi."

"Basi umeziuza. Nitajie mwizi sasa hivi, au weka funguo mezani uende kwenu!"

Mwanahawa, dereva wake, alizishika funguo kwa nguvu. "Mwizi namjua. Naogopa kumtaja kwa sababu ni wa hapahapa kwako, na mmekaa pamoja miaka mingi."

Bwana Shekigenda, tajiri ambaye hakuwahi kulinunulia gari lake kuukuu hata balbu, alisimama na kuchukua bakora. "Hata awe shemeji yangu, leo anaondoka!"

"Hutamwonea huruma?"

"Huruma ya nini? Namfukuza!"

"Na nafasi yake?"

"Naweka mwingine, mpya kabisa, leo hii, kwa gharama yangu. Mama Nuru, wewe ni shahidi!"

"Nimesikia, Baba Nuru," mkewe aliitika.

Mwanahawa akatoka kwenda uani. Wakamsikia akiwasha gari, akilizima, kisha akigongagonga vyuma. Bwana Shekigenda akajibanza nyuma ya mlango, bakora juu.

Mlango ulipofunguka, Mwanahawa alikuwa peke yake, mikono myeusi kwa grisi, ameshika kipande cha mpira kilichopasuka, bado kinadondosha petroli.

"Huyu hapa, bosi, nimemtoa chini ya tangi," alisema pale mlangoni. "Shusha bakora uchukue pochi, duka la vipuri linafungwa saa sita."