Lango Aliloingilia Fintan

Hapo zamani, katika nchi ya Waingereza, paliondokea Mwairishi mmoja fukara, jina lake Fintan, mlimaji wa viazi. Mali yake yote ilikuwa jembe, na jamaa yake yote mkewe Edith, mzaliwa wa papo hapo. Na wafalme wa kale wa nchi ile na ya Waairishi walikuwa wameapiana kwamba hawatawekeana lango mpakani, wala jirani hataulizwa hati.

Ikawa akatawala mfalme mpya, apendaye mihuri kuliko chakula. Akapiga mbiu: kila mgeni alete muhuri wa lango aliloingilia, asiye nao hana makazi.

Fintan akaitwa barazani, Edith nyuma yake.

"Una miaka mingapi hapa?" akauliza mfalme.

"Kumi na miwili, Bwana wangu."

"Muhuri uko wapi?"

"Sisi hatupigwi muhuri, Bwana wangu."

"Basi toka kwa lango lile lile uliloingilia, ubishe hodi, upigwe muhuri, ndipo urudi. Ukitokea pengine, kichwa chako halali yangu."

Edith akaangua kilio. Fintan akainama, akasema, "Nimesikia na kutii."

Basi akafuatana na askari wawili, wakaipekua pwani yote, bandari kwa bandari. Siku ya arobaini akarudi, akasimama pale pale barazani.

"Mbona hukutoka?" mfalme akafoka.

"Lango sikuliona, Bwana wangu. Waulize askari wako."

Askari wakala yamini kwamba halipo.

"Nami nimekatazwa kutokea pengine," akasema Fintan. "Labda ulijenge. Lakini utavunja kiapo cha babu yako, na hilo jipya silo nililoingilia."

Waziri akatazama viatu vyake. Mfalme akacheka hata taji likamkaa upande. Akaamuru iandikwe hati: *Mwenye hati hii hahitaji hati.*

Fintan akaisoma, akairudisha. "Na siku nikiipoteza, Bwana wangu?"

Mfalme akaona haya, na ilimstahili. "Wataka nini basi?"

"Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Langu limelika lote katika viazi vyako. Nipe jembe."

Akapewa. Edith alimpokea mlangoni, akaligeuzageuza lile jembe, bamba na mpini.

"Halina muhuri?"

"Halina."

Ndipo akapumua, akaenda kuinjika viazi.