Mche wa Shekue na Mirija Iliyosuguliwa

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye masikio?
Asogee!

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji ambako kijana hakuoa kwa maneno matupu. Alipanda mche wa mlimau uani kwa mama mkwe. Mwezi mpya ukiandama na mche uko hai, ngoma inapigwa. Ukifa, posa inarudi kwao, na aibu juu yake.

Shekue alimpenda Kidawa, Kidawa akampenda Shekue. Mama Kidawa sasa... mimi sisemi, waliosema ni majirani, hakutaka binti aolewe na yeyote. Nani angempikia mbaazi? Yeye mwenyewe hata maji yalimwungulia!

Shekue akasikia kwamba mama mkwe hapendi uchafu. Basi akaung'oa mche kitaluni, akaupeleka mtoni. Sugua, sugua, sugua! Udongo wote ukatoka. Na vile vinyweleo vya mizizi, navyo vikatoka. Mizizi ikang'aa kama meno ya bwana harusi. Akaupanda. Kila asubuhi akaja na kata, akayamwagia maji majani: chwaa! chwaa!

Mche ukalegea. Ukainama, ukainama, kichwa chini. Mama Kidawa akapita akiimba.

Kidawa akamkimbilia Bi Sikudhani, ajuza aliyepanda nusu ya miti ya kijiji. Ajuza akaja, akafukua kidogo, akacheka hadi akashika kiuno.

"Mjukuu wangu Shekue, ulikuwa unaposa au unaosha vyombo?"

"Nilitaka uwe safi, bibi."

"Umewaona wazee wakinywa pombe ya mtama kwa mirija?"

"Nimewaona."

"Basi vile vinyweleo ndiyo mirija ya mti. Vinanyonya maji udongoni, fyoo! Mizizi inayapokea, fyoo! Shina linayapandisha, fyoo! Mpaka kileleni. Huko juu majani ndiyo wanywaji, na jua likiwaka wanazidi kuvuta. Wewe umevunja mirija, wanywaji umewaacha wote. Halafu unawamwagia pombe kichwani!"

Akachomoa kisu. Kwacha! Kwacha! Akakata nusu ya majani.

"Anaua!" watu wakapiga kelele.

"Kata, shoga, kata yote!" akashangilia Mama Kidawa.

"Nimepunguza wanywaji," akasema Bi Sikudhani, "mpaka mirija mingine iote."

Akaifukia mizizi kwa udongo wa kitaluni, akasimamisha kivuli cha makuti, akamwaga maji chini, taratibu.

Siku zikapita. Mche kimya. Mama Kidawa akawa anauchungulia, anatafuta kifo. Anachungulia, anachungulia. Mwishowe, wenye macho waliona, akawa anausemesha!

Mwezi ukaandama. Kesho yake wazee wakaja kuukagua mche. Hawajafika uani, wakasikia mayowe:

"Mbuzi mlaanifu! Toka! Usiguse chipukizi la mkwe wangu!"

Wakamkuta Mama Kidawa, mwiko mkononi, kanga inaburuta. Nyuma yake chipukizi changa, kijani, limechomoza.

"La nani wako?" akauliza Bi Sikudhani, polepole kabisa.

Mama Kidawa akawageukia wazee.

"Pigeni hiyo ngoma," akasema, "kabla mbuzi hajarudi!"

Ndu! Ndu! Ndu! Bi Sikudhani akacheza mpaka kilemba kikamdondoka.

Mpaka leo kule, anayehamisha mche huubeba na udongo wake, na jina la Bi Sikudhani hulitaja. Nanyi sikieni: kinachokulisha usikisugue kwa kuwa kina udongo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kiu akachote mtungini.