Salvia Aliyelazwa Kitandani

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu, lakini basi. Makame, toa kidole puani usikilize.

Zamani hizo, maua yalipokuwa bado yanasema, palikuwa na mama akiitwa Bi Mwanahija. Mama yake alipofariki, nyumba ikaangushwa na mvua, kikabaki kitu kimoja tu: Salvia, mche wa maua mekundu. Bi Mwanahija akambeba kwenye kopo mpaka kwake, akilia njia nzima. Huyu naye akifa, alisema, sina tena kitu cha mama.

Basi akamfanya mgeni. Nanyi mnajua, mgeni wa kwetu hakai juani. Akamlaza kitandani na kopo lake. Mumewe, Mzee Shebe, akahamishiwa uani na mto wake. Salvia akaomba jua. Bi Mwanahija akacheka, akasema mgeni ana haya huyu, hataki kutusumbua. Akafunga dirisha.

Hata dirisha, bibi?

Na pazia akashusha.

Siku ya pili akamletea maji. Salvia akasema ameshiba. Sasa mgeni gani wa kwetu akisema ameshiba huachwa? Akamwagiwa maji tena. Akamwagiwa uji. Akamwagiwa chai ya tangawizi. Majani yakageuka manjano. Majirani wakaja kumjulia hali, wakamwuliza habari za nyumbani, na kila mmoja akamwongeza kikombe.

Siku ya tatu mizizi ikaanza kunuka. Salvia akaomba akatwe vichwa vya maua vilivyokauka. Bi Mwanahija akashika kifua. Mgeni akatwe kichwa, tena mgeni wa mama?

"Bi Mwanahija," Salvia akasema, sauti imemwisha, "mama yako alinikata kila nilipokauka, na juani ndiko alikoniweka. Mimi sikuona haya. Nilikuwa naomba."

Bi Mwanahija akachukua kisu, akakata huku machozi yanamtoka, akampanda uani juani, palepale alipokuwa akilala Mzee Shebe. Mzee akarudi kitandani, kitanda kimelowa uji, akalala hivyohivyo.

Wiki tatu Salvia akawa kijiti kitupu. Kila asubuhi Bi Mwanahija alimtazama, mkono unamwasha kummwagia maji, akajizuia. Wiki ya nne Salvia akachanua, mwekundu kama alivyokuwa kwa mama. Bi Mwanahija akakaa chini mchangani, akalia kwa furaha, na hakumkaribisha chai.

Basi wajukuu zangu, mtu akikwambia anachotaka, mwamini. Hadithi yangu naiachia hapo.