Pimbi na Mahakama ya Mitumbwi Iliyotekwa

Hapo zamani za kale, sikieni wanangu, wanyama walipokuwa na majumba, majiko na hata mahakama, Simba wa ng'ambo hii ya ziwa alikuwa na vita na Chui wa ng'ambo ile. Chanzo chake ni kwamba Chui alipiga chafya Simba alipokuwa akihutubia. Ni hilo tu.

Simba hakuwa na askari wa majini. Basi akatoa hati kwa kila mwenye mtumbwi na meno. Hati ilisema hivi: ukikamata mtumbwi wa adui, ni wako pamoja na mzigo wake. Ila kwanza uulete mahakamani, Jaji athibitishe kuwa kweli ni wa adui. Na kabla ya hukumu mzigo usiguswe. Atakayeugusa, haki yake imekwisha.

Wa kwanza kuchukua hati alikuwa Fisi. Akajiita Nahodha, akavaa kofia yenye unyoya, na ajabu ni kwamba kila mtumbwi aliokutana nao ulikuwa wa adui. Wa Kuku, adui. Wa Bata mjane, adui. Jaji Kiboko aligonga meza, go! akasema, "Halali ya Nahodha," kisha akaenda kula.

Siku moja Pimbi alikuwa anarudi kwake, kwenye kisiwa cha majabali. Watu wa kisiwa kile hawakuwa wa Simba wala wa Chui. Alibeba magunia ya kunde na ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na tenga moja la senene wa kukaanga, wale panzi watamu. Mvua ilikuwa imewanyima mwaka ule, na hicho ndicho chakula ambacho watoto wake na majirani walikuwa wanakingoja.

"Simama hapo, adui," Fisi akasema, akitupa kamba. Pwaa!

"Adui gani, Nahodha? Naishi pale. Moshi ule unaouona ni wa jiko langu."

"Maadui wote husema hivyo."

Mtumbwi ukavutwa hadi bandarini, ukakaa siku mbili chini ya ulinzi wa Fisi mwenyewe. Asubuhi ya kesi, Pimbi aliomba kuuona. Akakuta kamba ya tenga imefungwa fundo asilolijua. Alipoliinua tenga, lilikuwa jepesi. Nusu yake ilikuwa majani makavu.

Alitaka kukimbia akamwambie Jaji. Lakini alipoingia mahakamani, Jaji Kiboko alipiga mwayo, na ukumbi mzima ukanukia senene na kitunguu.

Pimbi akakaa chini. Aliwafikiria wanawe, akamtazama Jaji, akamtazama Fisi anayechokonoa meno, na hapo ndipo akili yake ilipoanza kwenda mbio.

"Mheshimiwa," Fisi akaanza, "pua ya mtumbwi ilielekea kwa Chui."

"Upepo uliugeuza," Pimbi akasema.

"Upepo hauna hati," Jaji akajibu, na kuinua nyundo. "Una neno la mwisho?"

"Sina, mheshimiwa. Auchukue. Ila namwomba Nahodha aangalie sana lile tenga. Wale senene si wa kula. Nimewapaka sumu, ni chambo cha panya wa ghalani. Ni bahati kwamba mzigo haujaguswa."

Nyundo ikabaki hewani.

"Sumu ya namna gani?" Fisi akauliza. "Nauliza tu."

"Kwanza tumbo linanguruma. Halafu masikio yanapata moto. Mwisho mkia unadondoka."

Tumbo la Fisi likanguruma, gururu. Lilinguruma hivyo kila siku ya Mungu, ila siku hiyo ndiyo alilisikia. Akashika sikio. Likawa la moto.

"Na dawa yake?"

"Majivu. Kinywa tele, kabla jua halijafika utosini."

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na jiko ambamo Korongo, karani wa mahakama, alichemshia chai. Fisi akatoka mbio. Kabla hajafika mlangoni, kitu kizito kikampita, ti, ti, ti! Alikuwa Jaji Kiboko, joho amelikunja hadi magotini.

Watu wakajaa mlangoni kutazama. Wale wawili walikuwa wanasukumana mbele ya mafiga.

"Niachie na mimi, Jaji. Wewe umekula wachache."

"Wachache? Si uliniletea bakuli zima?"

Karani Korongo kazi yake ilikuwa kuandika kila lililosemwa. Akaandika.

Waliporudi, midomo yao ilikuwa myeupe kama imepakwa chokaa. Pimbi akasimama.

"Mheshimiwa, hakuna sumu. Mle mna senene, chumvi na kitunguu. Sasa naomba nisomewe sheria ya mzigo ulioguswa."

Jaji alitazama ukumbi. Kuku alikuwa amesimama. Bata mjane alikuwa amesimama. Wote waliopoteza mitumbwi walikuwa wamesimama, na walikuwa wanasogea mbele. Akakohoa, wingu la majivu likamtoka, pfuu.

"Haki ya Nahodha imekwisha," akasema kwa sauti ndogo. "Mtumbwi ni wa Pimbi."

"Na yetu?" akauliza Bata.

"Na yenu," Jaji akajibu upesi. "Yote. Leo hii."

Pimbi akapiga kasia hadi kisiwani mchana ule ule. Majirani wakashusha magunia, jiko likawashwa, na senene waliobaki wakagawanywa, kila mtoto akapata watano watano. Waliuliza mbona ni wachache, naye akawaeleza, wakacheka mpaka wakapaliwa.

Nami nawaambia hivi, wanangu: anayejificha nyuma ya sheria ili ale vya wenzake, mdomo wake mwenyewe ndio utakaomuumbua.